Paka Tuliyemwacha Karierini



Mwezi uliopita katekista mmoja aliniletea barua iliyokunjwa mara nne, imechafuka udongo mwekundu, kutoka karieri moja ya dhahabu upande wa Manguredjipa. Aliyeiandika ni kijana wa miaka 17. Nawapatia maneno yake kama yalivyo:

"Mama, tuko na paka moja hapa kambini. Alikuja akiwa mtoto, ndani ya kikapo, juu ya moto, sababu panya walikuwa wanakula mchele yetu na kutoboa masaki. Sasa dhahabu imeisha hapa, tunahama. PDG wa shimo anasema: achilia huyo paka, ni nyama, atajitafutia. Mama mwenye kupika chakula anasema tumupatie sumu, juu alisha kula vifaranga vyake vine. Mimi sitaki moja wala ingine. Njo nakuuliza: kuacha paka ni zambi? Na kumuua ni zambi? Unijibu mbele ya mwisho wa mwezi."

Kijana huyo nilimjibu kwa mkono, maana kambi haihami kwa kungojea gazeti litoke mashineni. Lakini niliona barua yake inatuhusu wengi, sisi tunaokaa kati ya Butembo na Beni na ndugu zetu walio huko karierini. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya paka. Wababa wanaofikiri haya ni mambo ya watoto, wavumilie kidogo.

Kabla sijamjibu nilikaa na barua ile siku mbili. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe nimekwisha kumwacha paka. Ni zamani, tulipokuwa tunauza chumvi, sabuni na makayabu katika kambi moja upande wa Mambasa. Tulikuwa na paka jike wa rangi ya majivu, mwindaji hodari. Siku kambi ilipohama nilifunga masufuria, godoro, bidoni za mafuta, hata mlango wa nyumba niliubeba. Paka hakuonekana asubuhi ile. Nilimwita mara mbili, mara tatu, kisha mwenye moto akaanza kupiga honi, nikapanda. Nilijiambia: ana makucha, hatakufa njaa.

Kweli, hakufa njaa. Miaka miwili baadaye nilipita pale kwa miguu. Nyumba zilikuwa zimeanguka, migomba ilibaki. Chini ya migomba nilikuta manyoya ya ndege, mengine mapya, mengine yamekwisha kuoza, na vichwa vya mijusi. Kisha nikaona paka watatu juu ya gogo, wote wa rangi ya majivu. Walinitazama namna mnyama wa pori anavyomtazama mtu, wakapotea majanini. Sisemi kwamba wao peke yao ndio waliomaliza ndege wa mahali pale. Sisi watu wa kambi tulikuwa na mitego, na miti tulikwisha kuikata. Lakini manyoya yale sijayasahau.

Hesabu yake si ngumu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi sita, wengine hata mbele ya hapo. Anabeba mimba majuma tisa hivi, anazaa watoto watatu, wanne, pengine watano, na mwaka huohuo anaweza kuzaa tena. Wengi wa watoto hao wanakufa, ni kweli. Wanaobaki wanatosha. Na mtoto wa paka asiyeguswa na mkono wa mtu katika majuma yake ya kwanza anakua mnyama wa pori, hata kama mama yake alikuwa analala kitandani kwako.

Sasa mtu ataniuliza: je, pori halina paka wake? Linao, na hapo ndipo jambo linapoanza kuwa zito. Katika nchi za majani na vichaka za Afrika yuko paka-pori. Ukimwona unaweza kudhani ni paka wa jirani, ila miguu yake ni mirefu zaidi, na nyuma ya masikio yake pana rangi ya wekundu wa udongo. Huyo ndiye ukoo wa paka wote wa nyumbani duniani. Zamani sana, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbuaji walikuta kaburi la miaka 9,500 hivi, mtu amezikwa na paka pembeni yake. Urafiki wetu na mnyama huyu si wa jana.

Paka-pori si wa msitu mnene. Msituni yuko mwingine, anayeitwa paka wa dhahabu. Jina hilo si mzaha wa wachimbaji. Ni juu ya rangi ya manyoya yake. Ukubwa wake ni karibu mara mbili ya paka wa nyumbani, anaishi peke yake, na uzazi wake ni mdogo, mtoto mmoja au wawili. Ni watu wachache sana waliomwona kwa macho. Wataalamu wamemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini, kwa sababu ya mitego na kwa sababu misitu inakatwa.

Angalieni tofauti. Paka wa dhahabu, au chui, msitu ukikosa nyama, naye anapungua. Ndivyo Muumba alivyoyapanga: mwindaji hawezi kuwazidi wanaowindwa. Paka wetu hafuati mpango huo, kwa sababu sisi tunamlisha bila kujua. Ndege wakipungua anarudi jalalani, anakula mifupa ya makayabu na vichwa vya ndagala, anapata nguvu, anazaa, kisha anarudi kwa ndege wachache waliobaki. Hata ndege wa mwisho wa kichaka kile anaweza kumngojea. Chui hawezi kufanya hivyo.

Kwa paka-pori hatari ni ya namna nyingine. Paka wa nyumbani akiachiliwa karibu naye, wanazaana, kwa kuwa ni ukoo mmoja. Kizazi kwa kizazi damu inachanganyika, mpaka siku moja unabaki na paka waliofanana naye tu. Wataalamu wanahesabu mchanganyiko huo kuwa hatari kubwa kuliko zote kwa paka-pori wa Afrika. Sisi tumekaa mlangoni mwa Pariki ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ya kwanza katika Afrika nzima. Tangu 1979 inahesabiwa kuwa urithi wa dunia, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tumezoea kusikia juu ya sokwe, viboko na tembo wake. Juu ya wanyama wadogo wa kwenye nyasi, nani anayeuliza? Na pembeni ya nyasi hizo pana vijiji vyetu, mashamba yetu, vituo vya wavuvi kama Kyavinyonge na Vitshumbi, na paka wetu.

Najua kuna msomaji anayecheka: "Paka moja tu, Mama! Ataharibu pori nzima?" Huyo nitampeleka mbali kidogo, kwenye kisiwa. Katika msitu wetu hakuna aliyewahi kuhesabu manyoya chini ya migomba, lakini kisiwani mambo yanahesabika.

Kusini kabisa mwa Afrika, katikati ya bahari ya baridi, kuna kisiwa kinaitwa Marion, mali ya Afrika ya Kusini. Hakuna kijiji, kuna nyumba za wachunguzi wa hali ya hewa tu. Hao walikuwa na shida ileile ya kijana wetu wa Manguredjipa: panya wadogo, waliofika zamani na merikebu za wawindaji wa wanyama wa baharini. Basi mwaka 1949 wakaleta paka watano. Watano tu. Kufika 1977, paka walikuwa kama 3,400. Kisiwa kile ni mahali pa ndege wa baharini wanaotaga mayai katika mashimo ya ardhi, ndege wasiojua adui mwenye miguu minne. Wachunguzi walikadiria kwamba paka wanaua ndege 455,000 kila mwaka. Aina moja ya ndege iliacha kabisa kuzaa kisiwani.

Wakaanza kutafuta dawa. Mwaka 1977 walileta ugonjwa wa paka, wakapungua sana lakini hawakuisha. Kuanzia 1986 watu wakawa wanatembea usiku katika baridi na upepo, na taa na bunduki, kutafuta paka mmoja mmoja. Wakatega mitego, wakaweka sumu. Paka wa mwisho alitolewa 1991. Mnaona muda huo: kuleta paka watano ilikuwa kazi ya siku moja, kuwatoa ilichukua miaka 14.

Na hadithi haikuishia hapo. Wazee wetu wanasema paka akiondoka panya hutawala. Kule Marion imetimia neno kwa neno. Panya wadogo walibaki, wakazidi kuongezeka, na tangu 2003 wachunguzi wameona jambo la kutisha: panya wanakula makinda ya albatrosi, ndege mkubwa sana wa bahari, yakiwa hai katika kiota. Sasa Afrika ya Kusini inatafuta mali na ndege za kuruka ili kuwaondoa panya nao.

Karibu nasi zaidi, Unguja wana kisa chao, ingawa si cha paka. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa huko miaka ya 1890 wasaidie kula takataka za mji. Wakaongezeka, wakaanza kula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, wakaenea pwani nzima. Miaka ya 1990 walipigwa vita kwa sumu na mitego, wakapungua sana. Kisha fedha ya kazi ile ikaisha, na kunguru wakarudi. Ukianza kuondoa mnyama wa namna hiyo na kuacha katikati, umepoteza mali yako na umeua bure.

Nimewazungusha mbali ili mnielewe ninaposema kwamba sisi hatutamaliza paka wa Butembo na Beni, na hatuna lazima ya kuwamaliza. Hapa si kisiwa. Tunachoweza ni kuzuia paka asitoke nyumbani kwenda porini.

Kwanza nizungumze na vijana, maana nimesikia mambo. Mahali fulani vijana wa kanisa, kwa nia nzuri, walitaka kufanya "salongo ya paka": kuchovya nyama katika sumu ya panya na kuitupa usiku pembeni ya kambi. Msifanye hivyo! Sumu haichagui. Itamwua paka wa mjane pamoja na paka asiye na mwenyewe. Itamwua mbwa, kuku, na mwewe atakayeokota mzoga. Na mtoto wa miaka mitatu akiona kipande cha nyama chini, mnajua atafanya nini. Tena kuna watu wanaokula paka. Mtu akiokota paka aliyekufa kwa sumu na kumtia katika sufuria, tutasema nini kwa familia yake?

Jambo jingine ni lile la paka mweusi. Paka wengine wanapigwa mawe si kwa sababu wamekula kuku, bali kwa sababu ya rangi yao. Halafu macho yanamgeukia mama mzee anayewafuga. Ndugu zangu, weusi ni rangi ya manyoya. Mama mzee mwenye paka mweusi ni mama mzee mwenye paka, na mara nyingi hana mwingine wa kukaa naye.

Basi paka aliyekwisha kuwa wa pori, tufanyeje naye? Nitasema waziwazi, najua wengine hawatapenda. Akiwa amezaliwa porini, hashikiki, na anaishi kwa ndege na wanyama wadogo, ni afadhali aondolewe. Kama ni lazima auawe, auawe upesi bila kuteswa, na mtu mzima anayejua kazi hiyo. Ndani ya pariki au katika Hifadhi ya Okapi kazi hiyo ni ya walinzi wa ICCN. Wewe wapashe habari. Katekisimu ya Kanisa ya 1992 inatukataza kuwatesa wanyama na kuwaua bila sababu. Sababu ikiwepo, haikatazi. Lakini dhamiri yangu inaniambia kwamba mwenye kosa pale si paka. Ni mimi niliyepanda moto na mlango wa nyumba mgongoni.

Kwa wale wenye paka nyumbani, mambo ni rahisi zaidi. Paka dume ahasiwe, na jike pia kama mnaweza kumpata veterineri, yaani mganga wa mifugo. Katika mji wanapatikana. Msikubali mtu wa wembe na majivu. Gharama ipo, lakini familia mbili tatu zikipeleka paka wao siku moja, mganga anaweza kuwapunguzia. Msigawe watoto wa paka kwa kila anayepita akienda karierini, "chukua tu, ni bure". Kitu cha bure kinaachwa bure.

Mpeni chakula, hasa chenye nyama au samaki. Kuna imani kwamba paka wa kushiba hawindi na wa njaa ndiye mfanyakazi mzuri. Nusu ni kweli, nusu si kweli. Uchunguzi mmoja uliotolewa Uingereza mwaka 2021 ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani windo pungufu kwa 36 kwa mia. Wale waliochezewa na wenyewe dakika tano au kumi kwa siku, windo lilipungua kwa 25 kwa mia. Yaani kamba yenye unyoya mwishoni, mtoto akaikokota chini mbele ya paka. Watoto wenu hawatangoja mara mbili. Na usiku mfungieni ndani, ndiko panya waliko.

Na panya je? Hapa nataka tusidanganyane. Panya wadogo wa nyumbani paka anawakamata vizuri. Panya wakubwa wa jalalani wanampa kazi. Mwaka 2018 ilitolewa habari ya uchunguzi wa Brooklyn, katika mji wa New York: mahali pa kukusanya taka waliweka kamera siku 79, paka wa mtaani na panya wakiwa pamoja. Unajua panya wangapi waliuawa mbele ya kamera? Wawili. Panya walijificha tu, taka zikaendelea kuwalisha.

Kwa hiyo kambi inayotegemea paka peke yake itakuwa na panya na paka pamoja. Dawa ya kwanza ni taka. Nashangaa watu wanaochimba shimo la mita 30 kutafuta dhahabu, lakini hawana nafasi ya kuchimba la mita mbili la kutupia mabaki ya chakula na kufunika na udongo kila jioni. Mchele na unga viwekwe ndani ya pipa lenye mfuniko. Ghala lisimame juu ya miguu iliyozungushiwa kipande cha janjanja, panya ateleze. Kuku walale ndani, na vifaranga vikae chini ya kikapu mpaka vikue. Mama wa vifaranga vinne, pole sana, lakini hata kunguru angevichukua.

Juu ya panya niongeze neno, maana ndugu zetu wa karieri wanapita Ituri. Tauni bado ipo huko, maeneo kama Rethy na Aru. Mkiona panya wengi wamekufa bila sababu, msiwaguse kwa mkono, mwende kituo cha afya. Paka akila panya mwenye tauni anaweza kuipata na kuwapatia watu wa nyumbani. Akiwa na homa, amevimba shingo, asilale na watoto.

Tena kuna kichaa. Tunasema kichaa cha mbwa, lakini paka naye anakipata na kukiambukiza. Aking'ata au kukwaruza mtu, oshani kidonda palepale kwa maji na sabuni, dakika 15 nzima, si kumwagia tu, kisha kimbieni kituo cha afya mkaulize chanjo. Msingoje dalili, dalili zikianza, mganga hana dawa tena. Chanjo ya mbwa na paka inasaidia mpaka wanyama wa pori. Katika Serengeti, Tanzania, mwaka 1994, ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia kwa simba, na simba karibu 1,000 walikufa, theluthi moja ya wote. Tangu hapo wanachanja mbwa wa vijiji vya pembeni, kwa faida ya watu na ya wanyama pamoja.

Wamama wenye mimba, kinyesi cha paka msikiguse. Mwachie mwingine akitoe, kila siku, na mnawe mikono mkitoka bustanini. Kuna mdudu ndani yake anayeweza kumdhuru mtoto tumboni. Si lazima kumfukuza paka kwa ajili hiyo.

Sasa kuna wasomaji ambao maneno haya yamewagusa vibaya, nami nawafikiria toka mwanzo. Tangu Oktoba 2014 familia nyingi za Eringeti, Oicha, Mbau na pande nyingine za Beni zimekimbia usiku, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Hakuna mtu wa kuwauliza ninyi habari ya paka. Aliyekimbia mauaji hakuacha kitu, alinyang'anywa. Ila mnaporudi, kama Mungu anajalia mrudi, mkikuta paka wameingia katika nyumba na hawawajui tena, msiwashike kwa mkono mtupu, na watoto wasijaribu. Wekeni chakula mahali pamoja kila jioni, mtazame nani anakaribia siku kwa siku. Aliyewahi kuwa wa nyumbani mara nyingi hukumbuka, pengine baada ya majuma mengi. Asiyekaribia kabisa alizaliwa porini.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimwandikia kwamba juu ya dhambi amwulize padri, lakini juu ya paka mimi namshauri amchukue. Siku tatu mbele ya kuhama, ampe chakula ndani ya nyumba jioni na kufunga mlango, ili asubuhi ya safari asiwe amekwenda matembezi kama wangu. Amtie katika kikapo chenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, na kitambaa juu asione barabara. Huko wanakofika amfungie ndani majuma mawili au matatu, maana paka akiachiliwa upesi hutafuta njia ya kurudi alikotoka. Na kama kambi mpya ni ndani zaidi ya msitu, amtume mjini kwa mtu anayemhitaji, asimwingize kule.

Juma lililopita katekista amepita tena, na karatasi nyingine, safari hii imekunjwa mara mbili tu: "Mama, paka alifika Butembo kwa dada yangu. Njiani alinikwaruza mikono yote mbili, nikaosha na sabuni kama ulisema, infirmye alinitazama. PDG alicheka sana. Kisha akaniuliza kama dada yangu anaweza kumuchungia mbwa yake, juu kule tunaenda hawataki mbwa."

Mbwa tutamzungumza mwezi ujao. Barua zenu mwendelee kuzipitisha kwa makatekista, au mzilete parokiani siku ya Dominika baada ya Misa.